Theluji Iliyohesabiwa Mara Mbili

Landwehrstrasse 14,
Darmstadt.
12 Novemba 1927

Mpendwa mdogo wangu Konrad,

Salamu kutoka huku kwenye ukungu. U hali gani, na hilo joto la Brazili limekuachia nyama mwilini? Sisi wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo tumeshalizoea.

Baba amestaafu uprofesa. Chuoni walimtolea hotuba ndefu, naye akakaa anatazama saa. Kesho yake nilikwenda kumsaidia kuhamisha ofisi. Lile kabati unalijua: mitihani ya wanafunzi wote, imefungwa kamba mwaka kwa mwaka. Hachomi karatasi hata moja mpaka airudie hesabu kwa mkono wake.

Akaufikia wako. Ndiyo, ule wa daraja alilolijenga mwenyewe kule Weidenau, ambamo uliandika kwamba amejaza chuma kupita kiasi. Alikupa tano, alama ya chini kuliko zote, ukaanguka, ukafunga sanduku ukaondoka bila kuaga. Miaka minane jina lako halijatoka kinywani mwake, na kila Krismasi Mama anakuwekea kiti.

Safari hii alipiga hesabu siku tatu. Hata supu ya dengu hakuigusa. Mwisho akaniita, "Hedwig, hebu njoo uone upuuzi wa baba yako." Kumbe uzito wa theluji inayolilemea daraja aliuhesabu mara mbili. Chuma ulichotaja wewe kingetosha kabisa.

Msaidizi wake, Dakta Riedel, alicheka. "Aa, Profesa! Daraja limezidi nguvu tu, nani atalalamika?"

"Konrad," Baba akajibu.

Mimi nikajifanya natafuta kamba, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Ile tano ameikata kwa wino mwekundu. Usidhani amekupa moja, ile alama ya juu kabisa. Amekupa mbili, kwa sababu mwandiko wako, anasema, kama kuku amechakura. Nikamwambia niutume kwa posta. Akawa mkali: mtihani hukabidhiwa mwenyewe mkononi, ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Kwa hiyo ameuweka kwenye kiti chako, na kila asubuhi anaufuta vumbi. Kusema samahani hajui, usimngojee aseme.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi Lotte pia. Nisalimie mkeo, Irmgard. Mungu awatunze huko, na njiani vilevile.

Krismasi tutakihitaji kile kiti, basi njoo uuchukue mtihani wako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu,
Hedwig