Wadudu Marafiki wa Banda Namba Nne

Jumatatu, 3 Februari
Nimekanyaga dawa ya kuua vijidudu mlangoni, nimenawa, nimevaa koti. Banda namba nne la shamba la maua, mawaridi yangu. Nduruma nzima hakuna mwenye mkono kama wangu, na mimi nimefika mpaka Mombasa. Darasa la saba tu, lakini mawaridi hayaulizi cheti. Leo majani yana vidoa, chini yake utando mwembamba. Utitiri mwekundu. Mama Aikande, msimamizi wetu, kasema hakuna kupiga dawa. Tutaachilia wadudu marafiki waule utitiri. Wakishindwa ndani ya wiki mbili, banda zima linang'olewa na kuchomwa.

Jumanne, 4 Februari
Marafiki wamefika ndani ya chupa, wamechanganywa na pumba. Tumewamwaga juu ya majani. Nikasema hii ni kuajiri kibaka alinde duka. Banda zima likacheka. Mama Aikande hakucheka.

Alhamisi, 6 Februari
Nimefanya ujanja. Dawa ya nyanya zangu za nyumbani, kidogo tu. Nimepuliza mstari mmoja wa pembeni, Mama akiwa ofisini. Wataniuliza siri yangu.

Ijumaa, 7 Februari
Siri imeniumbua. Mama kanipa lenzi yake, mara ya kwanza naishika. Mstari wangu: marafiki wote wamekufa, utitiri unatembea. Dawa ile umeshaizoea. Mstari wa pili: Mungu wangu. Kitu cha rangi ya chungwa, kidogo kama ncha ya sindano, kinang'aa kama tone la mafuta, kimemkumbatia utitiri kinamfyonza. Kingine kinakimbia jani zima kikitafuta. Simba nimewaona Serengeti, hawakunitetemesha hivi. Nikakiri palepale. Alisema tu, "Kesho usiingie humu."
Nimeua viumbe ambao sikuwahi hata kuwaangalia. Najiona mshenzi.

Jumamosi, 8 Februari
Mama ni Mchaga wa Marangu. Kwao ukikosa unapeleka isale, lile jani refu la mpakani, na uliyemkosea hakatai. Nimekata moja kwa jirani hapa Sombetini. Mlinzi wa shamba kanizuia getini: mmea wa nje hauingii. Kweli, ningewaletea wadudu wengine. Akili zangu hizi. Nikasimama juani na jani langu. Mama akatoka, akavua glavu, akalipokea kwa mikono miwili.
"Isale halikataliwi, Elibariki. Ila hili linabaki getini, lina vidugamba, hivi vidudu vya magamba."
"Shikamoo Mama," nikasema. Tulishaamkiana alipotoka.
Akabadilisha koti zima ndipo akarudi ndani. Kanisamehe, nirudi Jumatatu. Banda ndilo bado halijapona.

Jumatatu, 17 Februari
Mama kapita mstari kwa mstari. Banda haling'olewi. Marafiki wamevuka wenyewe, jani kwa jani, mpaka kwenye ule mstari niliouharibu. Machipukizi hayana doa hata moja. Nilikuwa na utani tayari, nikaumeza. Nikabaki na lenzi mpaka muda wa chai. Rafiki mmoja akapanda juu ya ukucha wangu, akazunguka, akazunguka. Nikasogeza kidole kwenye jani, nikangoja ashuke.