Honi au Injini

Newala, Ijumaa usiku

Eti nichague! Fundi Issa hana haya.

Gari langu kuukuu la dizeli lilizimika tena leo, mbele ya gereji yake. Kwanza aliilaumu pampu, kisha betri. Mwishowe aliishika rilei ya injini, ile swichi ndogo ya umeme, nami nikageuza ufunguo. Haikutoa ule mlio wake mdogo. Imekufa. Newala nzima hakuna nyingine, na kesho gari hilo ndilo la kumpeleka mjukuu wangu Zuhura kwa mumewe, huko Nanganga.

Issa alichomoa rilei ya honi, kwa kuwa zinafanana, akaichomeka mahali pa ile ya injini. Gari liliwaka na halikuzimika tena.

“Shikamoo tena, Mwalimu. Chagua: honi au injini?”

“Usiniulize swali lenye jibu moja,” nilimwambia.

Lakini gari la bibi harusi lisilo na honi! Na zile kona za kuteremkia Masasi zinanitia hofu kweli. Nitakwenda polepole, lakini dereva anayepanda atajuaje kwamba nateremka?

Mke wangu amefurahi mno. “Baba Salima, miaka yote unawakemea madereva wa harusi kwa kelele zao. Sasa umepata gari lenye adabu. Kila kona nitapiga vigelegele mimi.”

Nimekubali kwa sharti moja, kwamba asipige pasipo na kona.

Amenijibu kwa kigelegele palepale jikoni, na jirani ameuliza kutoka uani kwake kama bibi harusi ameshatoka.