Kijani cha Shangazi Somoe

Jumanne, 4 Juni 2013
Picha tisa studioni leo, zote za vijana wanaoomba kazi kwenye mradi wa gesi. Ukuta mweupe, uso mbele, usicheke. Siku hizi Palma nzima hakuna anayetaka rangi nyuma yake. Nimechoka na weupe.

Mchana kaja shangazi Somoe, aliyenilea. Kijiji chao kitahamishwa kupisha kiwanda. Anataka picha kabla ya kuondoka. Nikasema nitampiga picha mbele ya nyumba yake. Kakataa. Wapimaji wa ardhi wameandika namba nyekundu ukutani.

"Nyuma yangu weka kijani. Kama shamba la marehemu mume wangu."

Alhamisi, 6 Juni
Nimefunika taa kwa plastiki ya kijani, nikaielekeza ukutani. Ovyo. Mwanga wa taa ya usoni unamwagikia ukuta, rangi inafifia kama maji ya kuoshea vyombo. Chumba kidogo mno. Nimepiga teke kigoda.

Jumapili, 9 Juni
Nimetundika shuka la kijivu. Linashika rangi kuliko weupe. Kigoda nimekisogeza hadi mlangoni, mbali na shuka. Taa ya usoni nimeigeuza pembeni. Juu ya kijani nimeongeza plastiki ya njano.

Imekubali! Majani ya muhogo baada ya mvua. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumanne, 11 Juni
Shangazi hakuja. Jirani yake kanipa habari: jana waliitwa mkutanoni, wakatia dole gumba kukubali kuhama. Naye pia. Naogopa kwenda kumwona.

Jumatano, 12 Juni
Kaja mwenyewe. Kanga mpya. Kaketi. Kijani kimetoka sawasawa.

"Shangazi, inua uso."

Hakuinua. Nimepiga hivyo hivyo, kichwa kimeinama. Nikamwonyesha kwenye kamera. Katazama sana.

"Rangi nzuri, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa nataka shamba."

Kaondoka. Nimekaa sakafuni hadi alasiri. Wateja wamegonga, sikufungua. Kazi yangu yote ni plastiki mbele ya taa. Nawachukia wapimaji. Najichukia mimi zaidi.

Ijumaa, 14 Juni
Baada ya sala nimekwenda kwake. Kamera nimeiacha. Tumeng'oa muhogo, tukafagia kaburi la mumewe.

Kisha kaniuliza, "Nikifia huko, utanirudisha nizikwe hapa?"

Nimesema ndiyo. Kashukuru, kaanza kumenya muhogo.

Hapa patazungushwa uzio wa kiwanda. Sijui kama siku hiyo watanifungulia.