Kizingiti cha Duka Kubwa

Shikamoo, Fundi Makame. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana tangu tukuzike hakuna wa kuniitikia kwa sauti ile ya mdomo uliojaa pini.

Lile duka kubwa uliloliacha likijengwa nyuma yetu limefunguliwa. Kibanda chetu cha Ng'ambo kimebomolewa. Pale ulipokuwa ukikaa na cherehani yako sasa ni ngazi. Juu nyumba za ghorofa, chini duka. Mna viatu, mashati, suruali, vyote vimekuja na meli vikiwa vimeshashonwa, vimetundikwa safu kwa safu kama watu waliokuja mazikoni wakasahau vichwa nyumbani.

Siku ya ufunguzi sakafu iling'aa mno, watu wakavua viatu mlangoni. Karani akatoka mbio: "Jamani, ingieni na viatu." Mkeo Bi Zuwena, ndiyo kwanza ametoka eda, akamuuliza, "Haya mwanangu, na maji ya kutawadha yako wapi?"

Usia ulioniachia mimi mwanafunzi wako pamoja na cherehani naukumbuka: "Cherehani yangu isivuke kizingiti cha duka lile. Nguo hushonwa na mtu aliyekuona." Wewe mteja humpimi mpaka anywe kahawa, huku unamtazama anavyokaa, bega lipi linashuka. Bega langu la kushoto ulilijua kabla yangu.

Basi sikiliza. Zile suruali zilishonewa majitu. Mwenye miguu ya kwetu akivaa, anafagia. Meneja akaniita: "Fundi, njoo ukae ndani uzipunguze. Kuna feni." Nlitamani, sikufichi. Kazi nyengine sina, na feni ni feni. Nikaenda na cherehani begani mpaka mlangoni. Nikakitazama kile kizingiti, nacho kama kinanitazama. Nikageuka, nikaiweka barazani, hatua moja nje.

Sasa watu wananunua ndani, wanakuja kwangu kupunguza. Kahawa kwanza. Wengine wanaghadhibika, wana haraka. Nawaambia kaa nikuone.

Juzi mvua ilipiga. Meneja akasimama mlangoni: "Ingia basi, Fundi. Kwani humu mna nini?" Nikavua koti nikaifunika cherehani, nikakaa pale pale. Hakunielewa. Wewe ungecheka mpaka ukohoe.

Jambo moja sijapata kukwambia. Sanda yako niliikata mimi. Mkasi niliuweka chini mara mbili, nikaambiwa nimpe mtu mwengine, sikumpa. Umetushonea kanzu mtaa mzima, tarizi zake watu wanazijua hata gizani kwa vidole, halafu wewe mwenyewe... nguo isiyo na mshono hata mmoja.

Lakini ilikatwa na mtu aliyekuona, Fundi. Hilo nlitaka ulijue.

Haya, pumzika. Nitapita Ijumaa kung'oa majani. Cherehani yako haitavuka kizingiti kile madhali mimi nipo barazani. Na ikinyesha, nitalowa.