Sifuri ya Wawuda

Shanice, wachana na hiyo shamba yenu huko Mata usome hii SASA. Wawuda amempasua Odera na kibodi. Ndani ya leb ya kompyuta, mbele ya Madam!

Ni ile asainmenti ya mwisho ya kuandika programu. Zao mbili zilikuwa sawa kabisa, mpaka yale maelezo ya pembeni Wawuda huandika kwa Kidawida cha kwao. Kidawida, Shanice! Odera wa Siaya!

Madam akamwambia asome mstari mmoja tu. Jamaa akakodoa macho. Halafu bila haya akasema, "Alinipa mwenyewe."

Alinipa mwenyewe! Na Wawuda alimwachia laptop amlindie akienda msalani tu.

Madam akatoa karatasi ya sheria za kozi: aliyetoa na aliyekopi, wote sifuri. Wawuda akalia, "Madam, ameniibia!" Madam akamuuliza ushahidi uko wapi.

Hapo ndipo Wawuda alipong'oa kibodi. Ya kwanza ikatua mdomoni. Ya pili kibodi ikapasuka, vitufe vikamwagika sakafuni. Wavulana watatu walimshika kiuno na bado akapiga ya tatu. Damu mpaka kwa skrini. Jino la Odera tuliliokota katikati ya vitufe.

Sasa sikia. Sheria inasema aliyekopi anarudia somo muhula ujao. Aliyepiga anafukuzwa.

Wawuda yuko hapa kwangu anafunga sanduku arudi kwao Ronge.

Na saa hii Odera amenitumia meseji kutoka hospitali. Anauliza kama Wawuda anaweza kumwachia notsi zake za darasani, kwa vile hatazihitaji tena.