Kumi na Sita Mbele ya Sita

Kaloleni, Kisumu
Tarehe 7 Juni, 1974

Kwa dada yangu mpendwa Beldina,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi na watoto tu wazima, ila kifua cha Benta ndicho bado kinasumbua. Natumaini huko Ahero mmeamka salama, maji yameshuka mashambani na mpunga haujaoza. Mguu wa shemeji unaendeleaje?

Maneno yako yalinifikia, yale uliyomtuma muuza samaki aje kunipa sokoni mbele ya watu: eti nimemfukuzisha kazi Lornah, mtoto wako wa kumzaa, nikakurudishia na mkoba wake. Yawa, Beldina! Nilichemka. Kama yeye hataki kukueleza kilichotokea, nitakueleza mimi, na usiruke mstari.

Unajua hoteli yetu hapa Milimani inafungua chumba cha karata. Bwana Ashok, mwenye hoteli, alituchagua mimi na Lornah kutoka kwa wahudumu tufundishwe kugawa karata, kazi nzuri kuliko kubeba sahani mpaka mgongo upinde. Mwalimu wetu ni Bwana Sadrudin, mzee aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi ng'ambo. Mchezo wenyewe ni ishirini na moja. Unajumlisha karata zako ukaribie hapo, ukipita umekufa. Anayegawa anakuonyesha karata yake moja, nyingine ameilaza. Mimi nilidhani ni bahati tu. Mzee akasema bahati tuiache nyumbani, kila hali ina jibu lake, na mgawaji asiyeyajua majibu hawezi kulinda meza.

Basi tukakaririshwa kama watoto wa darasa la kwanza. Nane mbili, zitenganishe. Kumi mbili, usiziguse. Ukiwa na kumi na sita, tazama karata ya mgawaji: akionyesha saba kwenda juu, omba nyingine, akionyesha mbili mpaka sita, tulia, maana yeye ndiye atalazimika kuchukua mpaka afike kumi na saba, na huenda akapita. Lornah aliyashika upesi. Mimi pia niliyashika, lakini kushika ni kitu gani? Nafuata jibu, napigwa! Natulia kama nilivyoambiwa, mgawaji anachukua tatu, anachukua nyingine, huyo ishirini. Namuuliza mzee kosa langu liko wapi, ananiambia hakuna kosa, nimecheza vizuri. Nimecheza vizuri na nimeliwa! Tulicheza kwa njiti za kiberiti tu, lakini nilikuwa nikirudi nyumbani nagombana hata na sufuria.

Jumatano Bwana Ashok akaja kututazama mwenyewe. Siku hiyo hakuna kusema, ni mikono tu. Kugonga meza kwa kidole ni kuomba karata, kupunga kiganja juu ya karata zako ni kukataa. Lornah akagawa, nami nikacheza. Nikapata kumi na sita, na yeye akaonyesha sita. Nikapunga mkono. Lornah akanipa karata, kumbe ni mfalme, yaani kumi! Ishirini na sita, nimekufa. Bwana Sadrudin akapiga meza, akauliza ni mgawaji gani huyu anayempa karata mtu aliyekataa. Bwana Ashok akaniuliza kama nilikataa au niliomba. Nikasema nilikataa. Akamgeukia Lornah, naye akainamisha macho. Wakamwambia avue sare aende kwao siku hiyohiyo.

Sasa keti chini, dada. Mkono wangu haukukataa. Unajua tunavyoitana kwetu, kiganja kikiangalia chini na vidole vikivuta, kama unavyomwita mtoto aje ale. Jibu nililijua vizuri sana, tulia, lakini nilikuwa nimechoka kutulia na kuliwa. Nikasema moyoni leo situlii, naitaka tano, na mkono ukaiita. Bwana Sadrudin aliona kiganja kinapunga. Lornah, niliyemwita hivyo tangu anatambaa, alielewa, akanipa nilichoomba. Nami nikamwacha afukuzwe kwa sababu niliona haya Bwana Ashok ajue nimekosa jibu ambalo hata mtoto analijua.

Angesema neno moja tu! Lakini ulimlea asimbishie mama yake mdogo mbele ya wageni, na hilo ndilo linaloniua. Kama angenipigia kelele pale, leo ningekuwa nalala.

Jana nilimwendea Bwana Ashok nikamwambia yote. Akacheka. Akasema anaelewa, mama mdogo anajitwika kosa ili mtoto apate kazi, lakini hatabadili neno mpaka msichana mwenyewe aseme kwa kinywa chake. Nafasi hiyo anampa mtu mwingine Jumatatu. Nilitoka pale nimekasirika hata njia siioni, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kwa hiyo mlete Jumatatu asubuhi, Beldina, uje naye wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa nimesimama pale, na najua akiniona tu atainamisha macho tena. Usimkubalie. Mwambie ni mimi niliyeomba, na wewe mama yake umemruhusu: anitazame usoni, aseme mbele ya wale mabwana kwamba Mama Seline ni mwongo.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Watoto wanakusalimu, nao wanamwulizia Lornah.

Ni mimi mdogo wako,
Seline