Alama ya Ngamia Iliyopinduka

Garissa, Jumanne

Bado nacheka peke yangu. Tangu gazeti langu litoke Ijumaa, wiki tatu zilizopita, nilikuwa nalikwepa soko la mifugo kama mwizi. Kwenye tangazo la ngamia aliyepotea wa Eedo Halima, yaani Shangazi kwa Kisomali, ile alama ya chuma cha moto niliichapisha kichwa chini, ikawa kama ya ukoo mwingine. Mimi, Mjerumani niliyejigamba mji mzima kwamba sikosei!

Niliogopa. Sokoni wakisema gazeti la huyu mgeni ni la uongo, basi limekufa.

Leo Eedo kaingia ofisini, hata hodi hakupiga. Nikaanza kuomba radhi.

"Wacha pole, wewe! Ngamia yangu iko nyumbani. Imepatikana Bute, wallahi!"

Kumbe huko Bute, mbali kaskazini, nakala ilikuwa moja tu. Waliitandaza mkekani, mwalimu akasoma kwa sauti, wachungaji wakaizunguka. Aliyekaa ng'ambo ya mkeka, anayeona kila kitu kimepinduka, ndiye aliyeitambua alama: kwake ilikaa wima.

Na mimi miaka yote nanung'unika kwamba hawanunui, wanazunguka nakala moja. Lo! Kila mmoja angenunua yake, yule ngamia angekuwa porini hadi sasa.